Shairi Lililotafunwa

Wewe msomaji uliyelala wiki nzima tangu tulipoliacha panga la Kopi hewani, sasa ona lilikoangukia.

Halikuangukia shingo ya Dorika. Mzee Bernat Ovia, mhariri wa kitabu, aliisukuma meza ya kusomea kwa tumbo lake ikaingia katikati, na mkono wake wa kushoto ukabaki juu ya ubao. Panga likazama kwenye ubao inchi mbili. Mzee alipouvuta mkono, vidole viwili havikuja nao.

Katika ukumbi wa misheni ilisikika mvua tu, ile mvua ya mji wa Lae isiyojua kupumzika, ikitwanga bati.

Watu sabini walikuwa wamekaa pale tangu saa saba mchana. Hawakuja kwenye ibada. Walikuja kusikiliza mashairi, maana kwa mara ya kwanza washairi wa mji ule, wauza popoo za kutafuna, walimu, mabaharia na wapasua samaki, walikuwa wanatafutiwa nafasi katika kitabu chao wenyewe. Kanuni ya Mzee Ovia ilikuwa moja: shairi lisomwe mbele ya watu, watu wanyooshe mikono kulikubali, ndipo lichapwe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa unafungwa siku ile saa kumi na moja jioni. Jumatatu misheni ilikuwa inarudishiwa mtambo wake ili ichape vitabu vya nyimbo.

Ukurasa ule wa mwisho ulikuwa bado mtupu, na zamu ya kuusomea ilikuwa ya Dorika Sinake.

Alikuwa ametamka jina la shairi tu. "Naomi." Hapo ndipo Kopi alipoingia.

Kopi Warange hakuwa mgeni kwa Dorika. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe wa tumbo moja, na mkuu wa walinzi wa yadi ya mbao. Yadi ile ilikuwa inautaka uwanja wa Makairo ambako maskini walikuwa wamejenga. Naomi, mmoja wa maskini hao, alikuwa akisimama sokoni na kuwasomea watu mashairi yake, na watu wakagoma kuhama. Wiki sita zilizopita, alfajiri, nyumba ya Naomi iliteketea naye akiwa ndani. Mlango ulikutwa na mnyororo kwa nje.

Dorika alikuwa rafiki yake. Alikuwa ameliandika jina la muuaji katika shairi, na muuaji alikuwa amepata habari.

"Lete hiyo karatasi, shemeji," Kopi alisema, akilichomoa panga kwenye ubao taratibu, kana kwamba yuko shambani kwake. "Tusiharibu Jumamosi ya watu."

Dorika aliiingiza karatasi ndani ya blauzi yake.

Nyuma ya Kopi walikuwa wamesimama walinzi wawili wenye marungu. Wa kwanza alimwendea Dorika. Mwalimu Karo, bwana mpole aliyekuwa amesoma shairi kuhusu mvua nusu saa iliyopita, akainuka na kumkinga kwa kiti. Rungu likapita juu ya kiti na kumkuta kwenye taya. Watu wa safu ya mbele waliusikia mfupa ukivunjika.

Sauti ile ndiyo iliyowaamsha.

Viti vikaruka. Mabaharia wawili walimvaa mlinzi yule wa kwanza wakamlaza chini, na waliokuwa karibu wakamaliza kazi kwa visigino. Wa pili alikuwa akipasua njia kwa rungu, huyu begani, yule mbavuni, mpaka alipomfikia Mama Gauwe, muuza popoo wa sokoni, aliyekuwa bado amekaa akisubiri zamu yake ya kusoma. Mama Gauwe hakuinuka. Alifungua kibuyu chake cha chokaa, ile ya kutafunia popoo, akammwagia yote machoni.

Mlinzi alilia kama mtoto mchanga. Chokaa ile ikikutana na maji huunguza, na machozi ni maji.

"Nawa usoni, mwanangu," Mama Gauwe alimwambia. "Mvua ipo tele nje."

Katika vurumai ile Mzee Ovia alikuwa amepiga magoti, mkono ameufungia kwenye shati, uso umemgeuka kijivu. Alimvuta Dorika kwa sketi akamnong'oneza. Alisema kanuni ya kitabu aliiweka yeye, na leo anaivunja yeye. Shairi hilo halihitaji tena mikono ya watu. Alipeleke kwa Hetty, mchapaji, kwenye kibanda cha mtambo, na lichapwe kama lilivyo, bila kubadili neno.

"Saa ngapi sasa?" Dorika aliuliza.

"Saa kumi kasoro. Kimbia, binti."

Dorika akatokea mlango wa nyuma.

Kibanda cha mtambo kilikuwa upande wa pili wa uwanja wa misheni, hatua mia tatu tu ukitembea siku ya jua. Siku ile uwanja ulikuwa bwawa. Kandambili zake zilibaki kwenye tope hatua ya kumi. Akakimbia peku, mkono mmoja kifuani juu ya karatasi, macho kwenye paa la kibanda.

Hakumsikia Kopi. Alihisi tu nywele zake zikivutwa, kichwa kikaenda nyuma na miguu ikaenda mbele. Alianguka chali kando ya mtaro mkubwa wa maji.

Kopi alimkalia tumboni. Alimpiga ngumi moja ya mdomo, bila hasira, kama mtu anayegonga mlango. Dorika alimeza jino. Ngumi ya pili ilimfumba jicho la kushoto. Kisha shemeji yake akaingiza mkono ndani ya blauzi na kuitoa karatasi, akaikunjua chini ya mvua na kuisoma, midomo ikitembea.

Alipolifikia jina lake mwenyewe alitabasamu. Meno yake yalikuwa mekundu kwa popoo.

"Kumbe nimekuwa mtu maarufu," alisema.

Akaikunjakunja karatasi, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna. Aliitafuna polepole pamoja na popoo lake, huku akimwangalia Dorika machoni. Alipomaliza akatema donge jekundu kwenye matope karibu na sikio lake.

"Limepungua chumvi kidogo. Lingine lipo?"

Dorika alisema halipo. Hilo lilikuwa kweli kwa upande wa karatasi. Shairi lenyewe alikuwa amelitunga kwa siku arobaini akipasua samaki kiwandani, kisu mkononi, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa kalamu. Lilikuwa kichwani kama sala.

Dorika akaona kwamba Kopi si mjinga. Alikuwa ameelewa.

"Basi lililobaki liko humu," Kopi alisema, akimgusa paji la uso kwa ncha ya panga. "Pole sana, shemeji. Wewe ulikuwa unapika vizuri."

Akaliinua panga.

Kilichofuata Dorika alikisikia kabla ya kukiona. Ulikuwa mlio mkavu wa chuma juu ya mfupa. Kiwiko cha Kopi kiligeuka upande usio wake, panga likamponyoka na kuanguka topeni. Nyuma yake alikuwa amesimama Samso, mume wa Dorika, dereva wa lori la yadi ile ile, ameshika spana ya magurudumu. Maji yalimtiririka usoni.

Dorika alikuwa hajamwona mumewe tangu alfajiri. Wiki nzima Samso alikuwa amemsihi aliache shairi lile, akisema ndugu ni ndugu na marehemu harudi. Alikuwa amefikia hata kulia. Dorika alimwona mwoga, na alimwambia hivyo mbele ya mtoto wao Wari. Sasa mwoga yule alikuwa amemvunja mkono kaka yake kwa ajili yake.

Ndugu wawili wakavaana.

Kopi alikuwa na mkono mmoja tu lakini alikuwa na uzito. Alimpiga Samso kichwa cha pua, wakabiringika wote mpaka ndani ya mtaro. Maji yalikuwa ya kiuno na yalikuwa yanakimbia. Samso alimpiga kwa spana mara mbili kwenye mbavu, mara ya tatu kwenye sikio. Kopi akalegea, mgongo kwenye ukuta wa mtaro, damu ikimchuruzika shingoni. Na bado alikuwa anacheka.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Mwambie basi mkeo. Mwambie na wewe siku ile—"

Samso alimshika kisogo na kumzamisha.

Hakumzamisha kidogo. Alimkandamiza kwa mikono yote miwili na goti juu. Miguu ya Kopi ilirusha maji, ikarusha tena, ikapunguza. Samso alikuwa anaangalia mbele tu, kama anaendesha lori.

Dorika alishuka mtaroni, akamrukia mumewe mgongoni, akamvuta masikio. Alimwambia asiue, atafungwa, Wari atabaki na nani. Ilibidi amng'ate bega ndipo mikono ilipoachia. Kopi akaibuka akitapika maji mekundu.

Samso alihema. Alimgusa mkewe jicho lililovimba kwa kidole gumba, kwa upole ule ule aliomwoa nao.

"Nenda, Mama Wari," alisema. "Nenda kafanye hilo ulilokuja kufanya. Mimi namfunga huyu, kisha nakuja."

Kibandani Hetty Numu alikuwa amekwisha washa taa ya karabai kwa ajili ya giza la mvua. Hetty alikuwa mtu wa kisiwa cha Buka, mwanamke mweusi ti, mabega mapana, na vidole ambavyo wino wa miaka ishirini haukuwahi kutoka. Alimtazama Dorika mara moja, kutoka miguu mitupu hadi mdomo uliopasuka. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza karatasi iko wapi.

"Imeliwa," Dorika alisema.

"Imeliwa na nani?"

"Na Kopi. Kaitafuna."

Hetty alitikisa kichwa, akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika ishirini. Akavuta sanduku la herufi za kuchapia za madini ya risasi, akashika kibati cha kupangia mistari, akasema yuko tayari, mradi asikimbizwe.

Dorika akasimama karibu naye, akajifuta damu, akaanza. Ilikuwa vigumu. Kila neno lenye "f" lilimchoma penye jino lisilokuwepo.

"Naomi, nani alikufungia mlango kwa nje?
Jiko lako lilikuwa limelala.
Moto ulikuja kwa miguu yake,
na miguu ile ilivaa viatu."

Vidole vya Hetty viliruka ndani ya sanduku kama kuku anayedonoa. Tik, tik, tik. Beti mbili, beti tatu. Alikuwa anaomba mstari mmoja mmoja, anaupanga, anaomba mwingine.

Wakafika ubeti wa mwisho. Dorika akavuta pumzi.

"Kopi, vua viatu tuvione."

Vidole vya Hetty vikasimama.

Dorika alidhani hakusikia. Akarudia. Hetty alibaki ameinamia sanduku, mkono juu ya herufi, kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Kabla hajasema neno, kioo cha dirisha kilipasuka.

Alikuwa yule mlinzi wa chokaa. Macho yake yalikuwa mabonge mawili mekundu, haoni, amekuja kwa kufuata taa. Alikuwa anapapasa dirishani na kutukana, akisema atawachoma humo humo kama alivyochomwa yule mwingine. Tayari alikuwa ameingiza mikono miwili na kichwa. Hetty aliuendea ukuta bila haraka, akashika kipande cha juu cha dirisha, kile cha kuteremshwa chenye fremu ya mti mzito, akakiteremsha kwa uzito wake wote. Mikono ilinaswa. Akakipandisha, akakiteremsha tena. Mlinzi aliangukia nje, na wakamsikia akitambaa kwenye matope kuelekea asikokujua.

Hetty alirudi kwenye sanduku lake. Alipanga neno moja, kisha mengine matatu, akazikaza herufi ndani ya fremu ya chuma na kuziingiza kwenye mtambo. Akapaka wino. Wakati wote huo hakumtazama Dorika.

Ukiangalia herufi za risasi huoni kitu, maana zimekaa kinyume. Mpaka zikanyage karatasi. Hetty aliweka karatasi moja ya majaribio, akakanyaga kanyagio mara moja, mtambo ukafunga na kufungua mdomo wake. Akamkabidhi Dorika.

Dorika aliinua karatasi kwenye taa. Lilikuwa shairi lake la kwanza kuliona limechapwa. Moyo wake ulijaa licha ya yote, licha ya jicho na jino na vidole vya Mzee Ovia. Alisoma ubeti wa kwanza. Alisoma wa pili. Akafika wa mwisho.

Samso, vua viatu tuvione.

Alisoma tena. Akamwambia Hetty kwamba amekosea jina, amechanganya ndugu, pale ni Kopi.

"Sijakosea, dada," Hetty alisema.

Na akaeleza, kwa sauti ya chini, akiwa bado ameegemea mtambo. Alisema nyumba yake inatazamana na ilipokuwa nyumba ya Naomi, mto tu ndio unaotenganisha. Alfajiri ile alikuwa ametoka kuteka maji. Alimwona Kopi, ndiyo. Kopi alikuwa amesimama barabarani kando ya lori, akiangalia huku na huku. Lakini Kopi hakuingia uani. Aliyeingia uani na dumu la mafuta ya taa alikuwa mtu mwingine. Ndiye aliyezungusha mnyororo kwenye komeo. Ndiye aliyekaa pale baadaye, hatua tano kutoka mlangoni, ameziba masikio kwa viganja, mpaka Naomi aliponyamaza.

"Kopi alitoa amri," Hetty alisema. "Aliyewasha ni mumeo."

Dorika alimwita mwongo. Alimwambia Samso ametoka kumwokoa sasa hivi, amemvunja kaka yake mkono. Alisema mengi, na alipokuwa anayasema aliuona tena mtaro, na lile goti, na yale macho yaliyokuwa yakiangalia mbele. Kopi alikuwa anataka kumwambia jambo. Samso hakumwachia amalize.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Niliogopa. Na ulikuwa unampenda." Hetty alifuta mikono kwenye aproni. "Lakini Mzee siku zote hutuagiza tuchape ukweli. Leo umekuja hapa na mdomo umepasuka kwa ajili ya Naomi, nikaona siwezi kupanga uongo kwa mkono wangu. Jina la Kopi ukitaka nitalirudisha. Ni herufi chache tu. Sema mwenyewe."

Karatasi mia nne zilikuwa zimepangwa tayari pembeni ya mtambo. Mguu wa Hetty ulikuwa juu ya kanyagio. Saa ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Mlango ukafunguliwa.

Samso aliingia na mvua yake yote. Pua ilikuwa imepinda, shati limechanika. Mkononi hakuwa na spana tena. Alikuwa ameshika panga la kaka yake. Dorika alimuuliza Kopi yuko wapi, na Samso akajibu kwamba Kopi hatasumbua mtu tena. Hakusema amemfunga.

Aliufunga mlango nyuma yake. Akaiona karatasi mikononi mwa mkewe, na uso wake ukapata kitu kama soni, kama kijana aliyekuja kuposa.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo," Dorika alisema.

"Nisomee, Mama Wari. Unajua mimi sikupita darasani." Alisogea hatua moja. "Siyo lote. Nisomee ule mstari wenye jina. Nataka kulisikia kwa masikio yangu, nijue limekwisha."

Hetty hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Dorika alijua kwamba anaweza kusoma jina lolote na mtu huyu asijue tofauti. Angesema Kopi, wakarudi nyumbani, akachemsha viazi vitamu, wakalala. Alimtazama mumewe, akalitazama panga, likidondosha maji yenye rangi isiyokuwa ya maji. Kisha akaiinua karatasi kwenye taa na kufungua mdomo wake unaouma.

"Samso."

"Naam, mke wangu?"

"Sikukuita," Dorika alisema. "Nasoma."